Kovu la Kwenye Runinga

Siku waliyomkamata shemeji yangu, nilikuwa nimeinamia runinga ya mteja, nikimtukana fundi aliyeigusa kabla yangu. Mtu mzima na akili zake alikuwa ameunga waya kwa gundi ya viatu! Kazi ya ovyo hunipandisha hasira, na hasira yangu haina sauti ndogo. Mtaani wananiita Fundi Mdomo, na sijawahi kuwabishia.

Mdogo wangu aliingia mbio, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Alishika meza yangu ya kazi kwa mikono miwili, skrubu zikamwagika chini.

"Dada, wanamuua Cheche!"

Cheche ndiye mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Miaka mingi nyuma tone la chuma cha moto lilimwachia kovu jeusi shavuni, kutoka chini ya jicho hadi pembe ya mdomo. Mimi na yeye tulikuwa mashemeji wa kuchokozana. Aliziita runinga zangu makopo, nami niliyaita mageti yake mitego ya panya. Kila Jumapili alikula kwangu sahani mbili, halafu akalalamika chumvi. Nilimpenda yule mtu. Nasema sasa kwa sababu alipokuwa hai sikumwambia hata siku moja.

"Nani anamuua? Tulia, sema vizuri."

"Watu wa bucha. Mdogo wake Mwenye Bucha amechomwa kisu asubuhi hii mlango wa nyuma, amekufa. Wanasema wamemwona Cheche kwenye runinga. Wanasema kovu linaonekana kabisa!"

Nikauliza swali la kifundi, Mungu anisamehe: "Runinga ipi?"

"Ile kubwa. Ile uliyowafungia wewe."

Hapa lazima niseme ukweli, hata kama unanivua nguo. Kamera ya bucha ni ya zamani, imefungwa juu ya paa la chumba cha baridi, mwisho kabisa wa ua. Picha yake inasafiri kwenye waya mmoja mwembamba wenye plagi ya njano, na waya ule una kikomo. Unabeba mistari mia tano na kitu ya picha, basi, haulazimishwi zaidi ya hapo. Mwanga na rangi vimebanana njia moja, na rangi ndiyo inayoumia zaidi, inavuja nje ya kitu chake. Mtu akisimama mbali na kamera, uso wake wote unapata labda mistari kumi. Mistari kumi haina jicho wala pua. Kwenye runinga ndogo ya zamani hukuona ubaya wowote, maana kioo kilikuwa kidogo na picha nayo ndogo.

Mwenye Bucha akanunua runinga pana kama mlango, akaja kunilalamikia kwamba watu wamegeuka uji. Ningemwambia ukweli: badilisha kamera, badilisha waya, badilisha na mashine ya kurekodi, la sivyo rudi kwenye runinga yako ya zamani. Badala yake nikamuuzia kisanduku. Upande mmoja unachomeka plagi ya njano, upande wa pili unatoka waya mpya, na picha inapanuliwa ijae kioo. Lakini kupanua siyo kuongeza. Ukimimina kikombe cha chai kwenye ndoo, chai ni ile ile. Ukitaka ndoo ijae, itabidi utie maji. Kisanduku kile kazi yake ni kutia maji. Kinakisia, kinachora mstari mweusi pembeni ya kila kitu cheupe, na macho yanadanganyika kwamba picha imekuwa kali. Nilijua yote hayo. Lakini biashara ni maneno, nikapiga chuku mbele ya watu: "Mzee, sasa hata nzi akikukonyeza utamwona!" Watu walicheka, na nikauza visanduku vingine kumi na vitatu mtaa ule ule.

Tulikimbia, mimi mbele, mdogo wangu nyuma. Geti la ua wa bucha lilikuwa limejaa watu, nikapenya kwa viwiko na matusi.

Cheche alikuwa chini, kwenye mfereji wa kuoshea damu, mikono imefungwa nyuma kwa waya wa chuma. Vijana wanne wa bucha walikuwa wamemzunguka, wote wapwa wa Mwenye Bucha, wote wamevaa makoti meupe na buti nyeupe za mpira. Makoti yalikuwa na damu, na sikuweza kujua ipi ni ya ng'ombe na ipi ni ya shemeji yangu. Mmoja alimpiga teke la mbavu. Mwingine alimkanyaga vidole kwa kisigino, akavisaga taratibu hadi nikasikia vikivunjika. Cheche aligeuza uso akaniona. Meno ya mbele hayakuwepo tena.

"Shemeji!" alisema, na damu ikamtoka pamoja na neno. "Waambie hawa. Si wewe ndiye fundi? Waambie!"

Nilimrukia aliyekuwa karibu, nikamvuta koti. Alinisukuma kifuani, nikaanguka kitako kwenye sementi.

"Mjomba yuko ndani," alisema, akihema. "Yeye akisema tumwache, tutamwacha. Nenda kaongee naye, usitusumbue sisi."

Mdogo wangu alijirusha juu ya mumewe, akamfunika kwa mwili wake. Walimvuta nywele, wakamburuta hadi getini, na watu wa getini wakamshika mikono. Walisema wanamlinda asiumie. Majirani wale, watu wa salamu za kila asubuhi! Nikanyanyuka, nikaingia ndani kupitia mlango ule ule wa nyuma.

Bucha ilikuwa imejaa. Mama yake Mwenye Bucha na yule aliyeuawa, bibi mmoja mwembamba, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mizani, mikono mapajani, halii. Kinyozi alikuwepo, mwenye duka la viatu alikuwepo, fundi cherehani alikuwepo. Nusu yao ni wateja wangu. Mwenye Bucha alikuwa amesimama mbele ya runinga, rimoti mkono mmoja, kisu cha kazi mkono wa pili.

"Afadhali umekuja," alisema. "Mwone shemeji yako."

Picha ilikuwa imesimamishwa. Mlango wa nyuma, ndani giza, na mtu amesimama pale mlangoni. Shati la bluu lililovuja hadi ukutani. Uso ni doa la kahawia lisilo na chochote. Lakini kwenye lile doa ulishuka mstari mweusi, umenyooka, kutoka panapotakiwa jicho hadi panapotakiwa mdomo.

Niliujua mstari ule palepale. Pembeni ya mlango kuna bomba jeupe la maji, na asubuhi jua hulipiga lote. Kisanduku kilikuwa kinalichorea bomba lile kingo nyeusi, kama kinavyochorea kila kitu cheupe. Mlango ukiwa mtupu huioni kingo hiyo kwa sababu ya giza la ndani. Mtu yeyote akisimama pale, kingo inamwangukia usoni.

"Mzee, picha hii haitoshi kumjua mtu," nilisema. "Nipe nikaiangalie dukani, niisafishe kidogo, halafu..."

"Uisafishe? Si wewe uliyesema hata nzi akikonyeza nitamwona? Ulisema au hukusema?"

Chumba kizima kilinigeukia. Kinyozi, ambaye nilimfungia kisanduku juzi tu, alikunja mikono kifuani akisubiri jibu. Jibu lilikuwa moja, dogo, lingetoka kwa pumzi moja: nilisema, na nilidanganya. Niliona aibu. Mimi ninayewatukana mafundi wenzangu kila siku kwa kazi ya ovyo, nisimame mbele ya wateja wangu niseme mimi ndiye mwongo kuliko wote?

"Inategemea na mwanga," nikasema.

Mwanga! Nje Cheche alilia, sauti ndefu.

"Au labda waya umelegea," nikaongeza. Nikachomoa plagi ya njano, nikaifuta kwa upindo wa gauni langu, nikairudisha. Nikaipuliza vumbi lisilokuwepo. Nikaomba rimoti, nikapunguza ukali wa picha, nikaupandisha, nikaupunguza tena, mstari ukafifia kidogo. "Mnaona? Mnaona inavyobadilika?" Hakuna aliyeona kitu. Nilikuwa natafuta njia ya kumwokoa mtu bila kujichafua, na njia hiyo haikuwepo, na dakika zilikuwa zinakwenda, na nje walikuwa wanapiga.

Kisha nikasikia mfupa. Sijui wa wapi, mguu au mkono, lakini ulisikika hadi ndani, na sauti ya Cheche iliyofuata haikuwa ya mtu ninayemjua.

"Niliwadanganya!" nikapiga kelele. "Niliwadanganya wote! Kisanduku hakiongezi kitu, kinakisia tu! Picha ya waya ule haina uso ndani yake, haujawahi kuwemo! Lile si kovu, ni kivuli cha bomba, kinachorwa na takataka niliyowauzia mimi!"

Mwenye Bucha alinizaba kofi. Sikio langu lilipiga mluzi, na nikaonja damu.

"Leo ndiyo umekumbuka kwamba ulidanganya?" alisema. "Leo, kwa sababu ni mume wa mdogo wako? Mdogo wangu mimi yuko wapi? Mdogo wangu amelala kwenye barafu na matundu saba, na wewe unaniletea habari za bomba!"

Alinishika shingo, akanibana kwenye meza ya kukatia nyama. Kisu kilikuwa karibu na jicho langu. Nilimwogopa, sikatai, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Nenda kasimame pale!" nilimfokea kwa sauti iliyobanwa. "Pale pale mlangoni, jua halijahama! Mimi nitawasha picha ya sasa hivi. Usipoota kovu, rudi na hicho kisu unichinje mimi kwanza!"

Bibi kwenye kiti akasema neno lake la kwanza. "Nenda."

"Mama..."

"Nimesema nenda. Nataka kuona."

Mwenye Bucha aliniachia. Alitoka hadi mlango wa nyuma, akageukia kamera, akasimama. Nilikosea kitufe mara mbili. Kisha picha ya saa ile ile ikatokea kwenye kioo kile kipana, na watu wakasogea.

Tulimwona Mwenye Bucha, koti lake jeupe, aproni yake nyekundu iliyovuja hadi kwenye fremu ya mlango. Uso doa la kahawia. Na shavuni, kutoka juu hadi chini, mstari mweusi.

"Sogea kushoto!" nilipiga kelele, akasogea nusu hatua. Mstari ukapotea. "Rudi!" Akarudi, na mstari ukarudi.

"Lahaula," alisema kinyozi.

Bibi alinyanyuka, akaenda hadi karibu na kioo, akakigusa kwa kidole. "Huyu ni mwanangu," alisema. "Mwanangu hana kovu. Nimemzaa mimi, hana kovu." Kisha akageuka kwa watu, na sauti yake ikapanda. "Waambieni wamwache yule! Nyie! Waambieni wamwache!"

Wote tulianza kupiga kelele kwa pamoja, tukigombania mlango. Mimi nilikuwa bado namtazama bibi na kioo nyuma yake, ndiyo maana niliona. Pembeni kabisa ya picha, panapoonekana mfereji, kulikuwa na madoa manne meupe na doa moja jeusi chini. Doa moja jeupe lilirefuka kwenda juu. Likakaa hivyo kidogo. Kisha likafupika kwa nguvu, na doa jeusi likaacha kutikisika.

Nilipofika nje, vijana wanne walikuwa wamesimama mbalimbali, kila mmoja mikono mitupu. Nondo ilikuwa kwenye mfereji. Kichwa cha Cheche kilikuwa kimefunguka upande wa nyuma, na maji ya mfereji yalikuwa yanapita juu yake yakienda mekundu. Macho yalikuwa wazi. Watu wa getini walimwachia mdogo wangu wakati huo, sasa ambapo hapakuwa na cha kumlinda nacho. Alikuja akapiga magoti, akajaribu kufungua ule waya mikononi mwa mumewe, akashindwa, akaanza kuung'ata kwa meno. Mimi nilisimama tu. Mwenye Bucha alibaki mlangoni kwake, kisu kimemdondoka, akiwatazama wapwa wake.

Wiki moja baadaye muuaji halisi wa mdogo wake Mwenye Bucha alijisalimisha mwenyewe. Dalali wa ng'ombe, waligombana na marehemu, basi. Nilimwona akishushwa kwenye gari. Uso laini, hana hata alama ya upele.

Siku ya tatu baada ya hapo, mpelelezi aliniita kituoni. Alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Alitaka nimchezee rekodi ya siku ile, kwa sababu mashine ya bucha hakuna mwingine aliyeijua. Nilifunga runinga ndogo juu ya meza yake, nikachomeka plagi ya njano moja kwa moja, bila kisanduku. Mwenye Bucha alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani, na wapwa wake wanne wamepangana pembeni yake, mashati yamepigwa pasi. Mdogo wangu alikaa peke yake upande wa pili, amevaa nguo zake za msiba.

"Hawa wote wanne wanasema walikuwa wameshamwacha," mpelelezi aliniambia. "Wanasema makoti ya akiba hutundikwa hapo ukutani, na mtu wa nje aliruka akavaa koti moja. Watu wa getini nimewahoji wote, hakuna aliyeona. Kumbe siku ile wote walikuwa wanatazama chini." Alivua miwani. "Kwa hiyo nimebaki na wewe na hii picha. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Madoa manne, doa moja. Doa moja likarefuka. Nikarudisha, nikaicheza tena polepole, picha kwa picha. Niliusogelea uso wa doa lile hadi pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Mistari tisa, nilihesabu, na ndani yake hakuna kitu.

Lakini moyoni nilikuwa na mtu. Kulikuwa na yule mkubwa kati yao, mwenye mabega mapana, ndiye aliyesaga vidole. Alikuwa anaangalia sakafu, na goti lake lilikuwa linacheza. Ni yeye, moyo uliniambia. Ni nani mwingine kama si yeye?

Mdogo wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Aliweka mkono begani kwangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Dada," aliniambia sikioni. "Mtaje. Mtaje yeyote. Wewe ndiye fundi, watakuamini."

"Afande," Mwenye Bucha alisema kutoka kwenye benchi, kwa upole kabisa, "huyu fundi mwenyewe ndiye aliyetufundisha, mbele ya watu, kwamba kamera ile haionyeshi sura ya mtu. Mama yangu ni shahidi."

Nilitamani kumrukia nimng'oe ulimi. Nilitamani kumnyooshea kidole yule mpana, niseme ndiye, namwona, hapa jicho, hapa pua. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Mpelelezi alikuwa ameshika kalamu. Na nikaona kwamba waliomnyooshea Cheche kidole walikuwa na uhakika huu huu nilionao mimi.

"Fundi," mpelelezi alisema. "Aliyepiga ni nani?"

"Haionekani," nikasema.

Mkono ukatoka begani kwangu. Sikugeuka. Nilisikia ndala zake zikienda hadi mlangoni, zikashuka ngazi, na vijana wanne wakashusha pumzi kwa pamoja. Mpelelezi aliandika neno lile moja, akanigeuzia karatasi niweke sahihi, nami nikaweka. Nilimfuata mdogo wangu nje, nikamwita hadi mwisho wa mtaa. Hajaniitikia mpaka leo.